Bei ya Ng'ombe wa Nyama na Msaada wa Serikali: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji

Mfugaji wa ng'ombe wa nyama huuza kitu ambacho thamani yake hujulikana kikiwa kimeshatoka mikononi mwake. Ng'ombe akiwa zizini hukadiriwa kwa macho. Akishachinjwa, kila kitu hupimwa kwa kilo, nyama, mafuta, ngozi, hata maini, lakini saa hiyo mwenye mizani ni mnunuzi. Pengo hilo la habari ndilo linalokula faida ya mfugaji mwaka hadi mwaka. Serikali mbalimbali zimejaribu kuliziba kwa njia mbili: kulazimisha bei ziwekwe hadharani, na kumpa mfugaji msaada wa fedha, bima au fidia.

Njia zote mbili zinamdai mfugaji kitu kilekile, nacho ni kumbukumbu zake mwenyewe. Ripoti nzuri ya bei haimsaidii mtu asiyejua uzito wa ng'ombe wake, na ruzuku haimfikii asiyeweza kuonyesha alikuwa na ng'ombe wangapi mwezi Machi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunaanzia kwenye daftari, ingawa wengi wangependa tuanzie kwenye ruzuku.

Hatua ya 1: Daftari la kundi

Kila ng'ombe awe na namba. Kama nchi yako ina mfumo wa hereni za utambuzi, tumia namba ya hereni. Kama haina, weka namba yako mwenyewe, mradi isijirudie hata baada ya ng'ombe kuondoka. Mbele ya kila namba andika jinsia, aina, tarehe ya kuzaliwa au kununuliwa, alikotoka, chanjo na dawa pamoja na tarehe zake, uzito kila unapompima, na siku aliyotoka kundini na sababu yake: ameuzwa, amekufa, ameibwa, amechinjwa nyumbani.

Tarehe za dawa zisidharauliwe. Dawa nyingi za mifugo zina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na nyama ikikutwa na mabaki ya dawa yaweza kutupwa yote kwa hasara yako.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayosahauliwa zaidi, na mara nyingi ndiyo yenye fedha. Nchini Ireland, makubaliano ya sekta ya nyama ya Septemba 2019 yalipandisha nyongeza ya ubora kutoka senti 12 hadi senti 20 za yuro kwa kila kilo ya nyama ya maksai na mitamba waliotimiza masharti. Masharti yenyewe: umri usizidi miezi 30, ng'ombe atoke shamba lililoidhinishwa kwa ubora, awe hajakaa kwenye mashamba zaidi ya manne maishani mwake, na awe amekaa shamba la mwisho angalau siku 60. Tazama masharti hayo vizuri. Karibu yote ni ya karatasi. Ng'ombe wawili waliolingana kwa kila kitu machoni wanaweza kulipwa tofauti kwa sababu mmoja ana historia iliyoandikwa na mwenzake hana.

Pia, chagua siku moja ya kila mwezi uhesabu kundi zima na uandike jumla kwa makundi: fahali, maksai, ng'ombe mama, mitamba, ndama. Hesabu hiyo utaihitaji tukifika kwenye fidia.

Hatua ya 2: Jua uzito kabla mnunuzi hajaujua

Mizani ya mifugo ni ghali kwa mtu mmoja, lakini hakuna sababu iwe ya mtu mmoja. Kikundi kinaweza kununua moja ya kuhamishika na kila anayeitumia akachangia matengenezo. Muhimu ikaguliwe mara kwa mara kwa mawe ya uzito unaojulikana, kwa sababu siku ya mabishano mnunuzi ataanza kwa kuikataa mizani yenu.

Kama mizani haipo, tumia utepe wa kupimia. Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, upate mzunguko kwa sentimita. Kisha pima urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 180 na urefu wa sentimita 150 atatoka hivi: 180 × 180 × 150 ni 4,860,000, ukigawanya kwa 10,840 unapata karibu kilo 448. Hesabu hii hukosea, na hukosea zaidi kwa ng'ombe wenye nundu kubwa, wenye mimba au waliokonda sana. Ijaribu kwanza kwa ng'ombe kadhaa waliopita kwenye mizani ya kweli, uone inazidisha au inapunguza kiasi gani kwa ng'ombe wa aina yako, kisha urekebishe.

Pima saa ileile kila mara, asubuhi kabla hawajala wala kunywa. Tumbo la ng'ombe mkubwa hubeba makumi ya kilo za majani na maji, na mnunuzi mzoefu anajua kwamba hizo si nyama.

Hatua ya 3: Kutoka uzito hai hadi uzito wa mzoga

Viwanda vingi hununua kwa uzito wa mzoga, yaani nyama na mifupa baada ya kuondoa kichwa, ngozi, miguu na vya ndani. Uwiano wa uzito huo na uzito hai hutofautiana sana. Ng'ombe wa aina za nyama aliyenenepeshwa kwa nafaka hufikia asilimia 60 au zaidi kidogo. Wa malisho hukaa karibu na asilimia 50 na kidogo juu yake. Ng'ombe mama mzee aliyekonda anaweza kushuka chini ya asilimia 48. Usichukue namba ya mwingine ukaifanya yako: kila unapouza kwa uzito wa mzoga, gawanya uzito uliolipwa kwa uzito hai uliopima, uandike. Baada ya misimu michache utakuwa na uwiano wa kundi lako, na hiyo ni namba ambayo hakuna dalali atakayekuyumbisha nayo.

Mambo mawili hupunguza kilo njiani. La kwanza ni safari, kwa sababu ng'ombe akisafirishwa saa nyingi bila maji hupoteza asilimia kadhaa za uzito wake. La pili ni ubaridi. Mzoga ukipoa hupungua karibu asilimia 2 kwa kukauka, kwa hiyo wengine hulipa uzito wa moto na wengine hukata asilimia hiyo wakauita uzito wa baridi. Uliza mapema ni upi unaolipwa.

Hatua ya 4: Geuza kila ofa iwe kipimo kimoja

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo pa kukaa na kalamu.

Tuseme una ng'ombe wa kilo 450 uliyempima shambani. Mnunuzi wa kwanza anatoa 250 kwa kilo ya uzito hai, anamchukua zizini kwako, na mmekubaliana kukata asilimia 4 kwa ajili ya tumbo. Kilo 432 mara 250 ni 108,000. Usafiri ni wake.

Mnunuzi wa pili anatoa 500 kwa kilo ya mzoga, umpeleke mwenyewe kiwandani. Mtu wa haraka hufanya hesabu hii: 450 kwa asilimia 52 ni kilo 234, mara 500 ni 117,000. Anaona ofa ya pili inashinda kwa 9,000, anapakia ng'ombe.

Sasa ifanye kwa ukweli wake. Ng'ombe anafika na kilo 430. Asilimia 52 ya hizo ni kilo 223.6. Kiwanda kinakata asilimia 2 ya ubaridi, zinabaki kilo 219.1. Mara 500 ni karibu 109,560. Toa usafiri 2,500, toa ukaguzi na ada ya kuchinja 1,500. Mkononi unabaki na kama 105,560. Ofa ya kwanza ndiyo bora, kwa zaidi ya 2,400, na hujahesabu siku yako uliyoipoteza wala hatari ya ng'ombe kuvunjika mguu ndani ya lori.

Kipimo cha kulinganishia kiwe fedha halisi uliyobaki nayo, ugawanye kwa kilo za uzito hai ulizopima shambani. Hapo juu ofa ya kwanza ni 240 kwa kilo, ya pili ni kama 234.6. Andika namba hiyo kwa kila mauzo.

Kipimo kimoja kinahitajika pia unaposoma bei za nchi nyingine. Wamarekani hutaja bei kwa kila pauni 100, ambazo ni karibu kilo 45.4. Wabrazili hutumia aroba, ambayo kwa ng'ombe ni kilo 15 za mzoga. Kiashiria maarufu cha ng'ombe wadogo wa mashariki mwa Australia hutajwa kwa senti kwa kilo ya mzoga, hata kama ng'ombe wenyewe wameuzwa mnadani wakiwa hai. Anayelinganisha namba hizo bila kuzigeuza anajidanganya.

Hatua ya 5: Madaraja, makato, na kinachokatwa kabla ya mizani

Bei inayotangazwa huwa ni bei ya msingi ya ng'ombe wa daraja fulani. Umoja wa Ulaya una mfumo wa tangu 1981 unaopanga mizoga kwa umbo, kwa herufi za neno EUROP, E ikiwa bora na P ya chini, pamoja na S ya juu kabisa inayotumika kwa baadhi ya mifugo, na kwa mafuta kuanzia 1 hadi 5. Kila daraja laweza kugawanywa mara tatu. Ukichukua herufi tano na mafuta matano na kugawanya hivyo, unapata ngazi 15 za umbo na 15 za mafuta, sawa na vyumba 225 kwenye jedwali, na kila chumba chaweza kuwa na bei yake.

Kwa hiyo swali la "mnanunua bei gani?" halitoshi. Omba jedwali zima kwa maandishi: bei ya msingi ni ya daraja lipi, nyongeza na makato ya kila ngazi, uzito wa chini na wa juu unaokubalika, makato ya umri, tozo zote kwa majina yake. Mnunuzi asiyetaka kuliandika jedwali lake amekwisha kukujibu.

Kuna jambo lisilozungumzwa vya kutosha: usafishaji wa mzoga kabla ya kupimwa. Mafuta ya figo, mkia, kiwambo, mafuta ya kifuani, kila kinachoondolewa kabla ya mizani ni kilo ambazo hulipwi. Tofauti ya kilo 4 kwa mzoga wa kilo 220 inakaribia asilimia 2 ya malipo yako, na haionekani popote kwenye risiti. Uliza mzoga unapimwa ukiwa na nini na bila nini. Ikiruhusiwa, nenda usimame pale mizani ilipo.

Uruguay ilichukua njia ninayoipenda kuliko zote. Iliweka vituo vya mizani vya kielektroniki kwenye hatua mbalimbali za mstari wa uchinjaji, mfumo unaofahamika kwa jina la masanduku meusi, chini ya taasisi ya taifa ya nyama, INAC. Takwimu hutoka kiwandani moja kwa moja bila kupitia mikono ya mwenye kiwanda, na mfugaji anaweza kuona ng'ombe wake walipungua wapi. Tangu 2006 nchi hiyo pia ina sheria inayolazimisha kila ng'ombe atambuliwe mmoja mmoja, kwa hiyo uzito huungana na ng'ombe mwenyewe. Mfugaji wa nchi nyingine hawezi kujinunulia mfumo kama huo, lakini kuudai anaweza.

Usisahau ngozi, kichwa, miguu, maini na utumbo. Kama vinabaki kwa mchinjaji, thamani yake iwe imeingia kwenye bei ya kilo. Kama haikuingia, umevitoa bure.

Hatua ya 6: Namna ya kusoma ripoti ya bei

Marekani ilipitisha sheria ya ripoti za lazima za mifugo mwaka 1999, ikaanza kutekelezwa Aprili 2001. Kiwanda kinachochinja wastani wa ng'ombe 125,000 kwa mwaka au zaidi ni lazima kiripoti kwa Idara ya Kilimo kiasi kilichonunua, bei, na masharti ya ununuzi. Sababu ni wazi: kampuni nne tu huchinja karibu asilimia 85 ya ng'ombe walionenepeshwa nchini humo. Ulaya nayo ilipanua wajibu wa kutoa taarifa za bei kuanzia Januari 2021.

Ukiipata ripoti ya namna hiyo, iwe ya nchi yako au ya jirani, ihoji hivi. Je, bei ni ya uzito hai au mzoga? Ni ya zizini au ya kufikisha kiwandani? Ni ya ng'ombe wa kundi gani na daraja gani? Ni wastani uliozingatia idadi ya ng'ombe, au wastani wa bei tu? Ng'ombe 10 waliouzwa ghali na 900 waliouzwa rahisi hutoa wastani mbili tofauti kabisa. Mwisho, ilikuwa ni mauzo ya wiki ipi?

Kisha tazama idadi. Bei iliyotokana na ng'ombe 40 haina nguvu kama iliyotokana na 4,000. Hili linagusa tatizo ambalo halijatatuliwa hata Marekani. Ng'ombe wengi huuzwa kwa mikataba ambayo bei yake hukokotolewa kutoka kwenye bei ya soko la papo kwa papo, yaani mauzo ambayo bei hujadiliwa wakati uleule wa kuuza, huku soko lenyewe la papo kwa papo likizidi kusinyaa. Maeneo ya Texas, Oklahoma na New Mexico yana mauzo machache sana ya kujadiliana bei, lakini bei hiyo ya wachache ndiyo inayowalipa wengi. Kuanzia Januari 2023 Idara ya Kilimo ya huko ilifungua maktaba ya majaribio ya mikataba, ili mfugaji aone wenzake wanapewa masharti gani.

Utakutana pia na nafasi tupu kwenye ripoti. Sheria ya usiri ya Marekani haichapishi takwimu za eneo kama waliotoa taarifa ni wachache mno au mmoja wao ametawala; angalau watatu wawe wametoa taarifa nusu ya muda, na hakuna mmoja atakayezidi asilimia 70 ya kiasi. Colorado imekuwa ikikosa taarifa zake kwa sababu hiyo. Yaani penye wanunuzi wachache, ambapo mfugaji ana shida zaidi ya habari, ndipo habari inapofichwa. Ukiwa eneo la aina hiyo, chukua bei ya eneo la karibu lenye taarifa, toa gharama ya usafiri, upate makadirio ya yako.

Angalia pia upande wa pili wa kiwanda. Agosti 2019 moto uliunguza kiwanda cha Tyson mjini Holcomb, Kansas, kilichokuwa kikichinja takriban ng'ombe 6,000 kwa siku. Bei ya ng'ombe ilishuka, na katika wiki zilezile bei ya nyama ya jumla ikapanda. Sababu ya kiuchumi ipo: nafasi za kuchinja zilipungua, ng'ombe wakazidi na nyama ikapungua. Lakini aliyekuwa anatazama bei ya ng'ombe peke yake angedhani walaji wameacha kula nyama. Fuatilia bei zote mbili, na uandike tofauti yake kila wiki.

Hatua ya 7: Pale ambapo hakuna ripoti

Tengenezeni yenu. Wafugaji 15 wakiandika kila mauzo kwa kipimo kilekile cha hatua ya 4, ndani ya miezi mitatu watakuwa na picha ya soko lao. Kila ingizo liwe na wiki, kundi la ng'ombe, uzito, fedha iliyobaki kwa kilo, siku zilizopita hadi kulipwa, na mnunuzi kwa alama badala ya jina. Mtu mmoja mwaminifu akusanye na kurudisha wastani kwa wote. Asiyeleta bei yake asipewe za wenzake. Bila kanuni hiyo kikundi kitakuwa na wasomaji wengi na waandishi wawili.

Tahadhari ya kisheria. Kubadilishana bei zilizokwisha kulipwa ni jambo moja. Kukubaliana kwamba hakuna atakayeuza chini ya kiasi fulani ni jambo jingine, na sheria za ushindani za nchi nyingi hulikataza kwa wafanyabiashara wasio ndani ya ushirika uliosajiliwa. Marekani iliwapa wakulima ruhusa hiyo kupitia vyama vyao kwa sheria ya Capper-Volstead ya 1922. Mkitaka kuuza kwa sauti moja, sajilini chama kwanza.

Hatua ya 8: Malipo yaandikwe

Bei nzuri inayolipwa baada ya miezi minne ni bei mbaya. Marekani, chini ya sheria ya 1921 ya viwanda vya nyama na minada, mnunuzi wa mifugo hutakiwa kulipa kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa 2019, uliweka ukomo wa siku 30 kwa bidhaa za kilimo zinazoharibika haraka na 60 kwa nyingine, kwa ajili ya kuwalinda wauzaji wadogo mbele ya wanunuzi wakubwa. Kama sheria yako iko kimya, karatasi yako iseme: tarehe ya malipo, njia ya malipo, na nani anabeba hasara ng'ombe akifa njiani au mzoga ukikataliwa na mkaguzi.

Hatua ya 9: Msaada wa serikali

Msaada huja kwa sura nyingi: malipo kwa kila ng'ombe au kwa eneo la malisho, fidia ya maafa na magonjwa, bima yenye ada iliyopunguzwa, mikopo nafuu, mbegu bora, chanjo, miundombinu ya minada. Nenda ofisi ya mifugo uombe waraka wenyewe wa mpango. Tangazo la redioni na maneno ya jirani yakupeleke ofisini tu, yasiwe ndiyo taarifa yako.

Kwenye waraka tafuta mambo haya kwa mpangilio huu: siku ya mwisho ya maombi, siku ambayo idadi ya ng'ombe wako itahesabiwa, muda unaotakiwa kukaa nao bila kuwauza, vielelezo vinavyohitajika, na masharti yanayoendelea baada ya fedha kulipwa. Hilo la mwisho limewaumiza wengi. Mwaka 2019 Ireland ilitoa msaada wa dharura ulioitwa BEAM, yuro milioni 100, nusu kutoka Umoja wa Ulaya. Ulilipa yuro 100 kwa kila ng'ombe aliyechinjwa, mwisho ng'ombe 100, na yuro 40 kwa kila ng'ombe mama anyonyeshaye, mwisho 40. Ndani yake kulikuwa na sharti la kupunguza naitrojeni itokanayo na samadi ya kundi kwa asilimia 5 katika kipindi kilichofuata, yaani kupunguza ng'ombe. Walioshindwa walitakiwa kurudisha fedha. Kabla hujasaini, piga hesabu ya gharama ya kila sharti kama ulivyofanya kwa ofa za wanunuzi. Kuna msaada ambao ukitoa gharama zake unabaki na hasara.

Fidia ya maafa huamuliwa na ushahidi uliokuwapo kabla ya maafa. Mpango wa Marekani wa kufidia mifugo iliyokufa kwa hali mbaya ya hewa hulipa asilimia 75 ya thamani ya soko, na hutaka uthibitisho wa idadi uliyokuwa nayo mwanzo na waliokufa. Hapo ile hesabu ya kila mwezi inalipa. Ng'ombe wakifa, piga picha zenye tarehe na namba za hereni zikionekana, ita daktari wa mifugo aandike sababu, toa taarifa ofisini mara moja, ndipo uzike.

Bima zinahitaji uelewa wa pekee. Bima ya bei ya Marekani, ambayo serikali hubeba kati ya asilimia 35 na 55 ya ada yake, hulipa pale kiashiria cha bei ya taifa kinaposhuka chini ya kiwango ulichochagua. Mnunuzi wako akikulipa kidogo huku kiashiria kikiwa juu, hupati kitu. Nchini Kenya, mpango wa bima ya mifugo ulioanza 2015 katika kaunti za Wajir na Turkana ulitumia picha za setilaiti za hali ya malisho, na serikali ikalipa ada kwa kaya zilizochaguliwa. Malipo yalifuata kiwango cha majani, hayakusubiri ng'ombe ahesabiwe amekufa. Kwa hiyo uliza kiashiria ni kipi, kinapimwa eneo la ukubwa gani, na kinashuka hadi wapi ndipo ulipwe.

Umeona uhusiano? Fidia hukokotolewa kwa bei ya soko, bima ya bei hufuata kiashiria cha soko. Penye bei za siri hata msaada wa serikali ni wa kubahatisha, na afisa atakuandikia thamani anayoijua yeye. Ndiyo maana ningeshauri serikali yenye fedha kidogo ianze na ripoti ya bei ya kila wiki kabla ya ruzuku ya kila ng'ombe. Ruzuku ya kila ng'ombe penye mnunuzi mmoja ina hatari nyingine: mnunuzi akijua umelipwa, ana kila sababu ya kukupunguzia.

Hatua ya 10: Kulalamika, kukata rufaa na kudai

Ukikataliwa msaada, omba sababu kwa maandishi na utaje kifungu cha waraka unachoamini umekitimiza. Rufaa huwa na siku zake. Zikipita, haki yako imepita nazo. Ukipewa daraja au uzito usiouamini kiwandani, sema siku hiyohiyo, mzoga ukiwa bado umetundikwa na haujakatwa. Baada ya hapo ni maneno yako dhidi ya karatasi yao. Ambatanisha uzito wako wa shambani, uwiano wako wa mauzo yaliyopita, na risiti.

Baadhi ya nchi zina ofisi maalumu ya kusimamia haki katika biashara ya chakula. Ireland ilianzisha ya kwake Desemba 2023. Kama kwenu haipo, peleka kwa mamlaka ya ushindani au wizara ya mifugo, na mpeleke kama kikundi. Mnapoandika, msiombe "bei nzuri", kwa sababu hakuna afisa anayeweza kutekeleza hilo. Ombeni vitu vinavyopimika: viwanda vyote vya kiwango fulani viripoti kila wiki bei waliyolipa na idadi ya ng'ombe, ripoti itenganishe uzito, umri na daraja, kanuni moja ya usafishaji wa mzoga kabla ya mizani, na mkaguzi wa kuisimamia, ukaguzi wa mizani wa ghafla, bei ya nyama ya jumla na ya rejareja ichapishwe ukurasa uleule na bei ya ng'ombe, na thamani ya ngozi na vya ndani isiachwe nje. Ambatanisheni daftari la bei la kikundi la miezi sita iliyopita, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu.